Swali la Kumi na Nne

Chuo kilinituma nikiwa na miaka ishirini na miwili,
begani kinasa sauti kizito kama tofali,
mkobani madodoso arobaini, kalamu tatu,
na onyo la Profesa Dobrochna:
"Usiwasaidie kujibu."

Łódź, nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda.
King'ora kilikuwa na mwaka wa tatu hakijalia.
Ghorofa ya pili. Ngazi zilinuka kabichi na makaa.

Wacława Szymczyk, miaka hamsini na mmoja, mfumaji.
"Andika *alikuwa* mfumaji," alisema
kwa sauti ya kupasua ukuta,
sauti ya mtu aliyezoea kushindana na chuma.
Mumewe Zenon, fundi wa boila,
aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimenya viazi
kwa kisu cha kiwandani.
Maganda yalikuwa manene, nusu kiazi kinakwenda nayo.
Mkewe aliyatazama, akameza neno.

Kiinua mgongo mlilipwa?
"Tulilipwa. Hakikuinua mgongo wa mtu.
Tulinunua friji. Usiku inanguruma,
bila hiyo silali,
miaka thelathini na miwili masikio yamelelewa na mshindo."

Nani anafua? "Mimi."
Nani anapika? "Mimi. Sasa huyu anajaribu."
Watoto?
"Irmina. Yuko Bremen, anamwogesha mzee wa watu.
Mbavu za yule mzee anazijua kuliko za babake.
Kila tarehe tano analeta fedha. Na kahawa."
Nikatia alama kwenye kisanduku:
*msaada wa jamaa, ndiyo.*

Swali la kumi na nne.
Katika kaya hii, mkuu wa kaya ni nani?
Chagua jibu moja tu.

Kisu kikasimama.

Sikujua wakati ule, nilikuja kuambiwa baadaye,
kwamba katika ukumbi wa mitambo hakuna sauti ya mtu iliyosikika,
hivyo wafumaji walisemezana kwa midomo mitupu,
kutoka mtambo hadi mtambo, juu ya mtande na mshindio:
mimba, misiba, bei ya nyama, nani kamwacha nani.
Zenon alijifunza lugha hiyo akimposa,
akisimama mlangoni na mikono yake ya masizi
mpaka msimamizi amfukuze.

Wacława alimgeukia.
Midomo yake ikaenda, muda mrefu, bila sauti.
Naye akajibu vivyo hivyo.
Mara moja alicheka.
Mara moja akajipangusa jicho kwa mkono wenye maji ya viazi.
Mimi nilikaa pale na kalamu yangu
kama mtoto mbele ya duka lililofungwa, taa ndani zinawaka.

Kisha: "Endelea, binti. La kumi na tano."

Profesa aliusikiliza ukanda.
Dakika nne na ushei, friji ikinguruma.
"Mtupu," akasema. "Weka tisini na tisa."
Tisini na tisa maana yake hakuna jibu.
Nikaandika, tena kwa wino.

Siku hizi kiwanda kile kinauza viatu na aiskrimu,
na mimi ndiye ninayewaonya vijana wasiwasaidie watu kujibu.
Jedwali langu bado linatumika darasani:
mume, asilimia kadhaa; mke, asilimia kadhaa;
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliokaa kimya.
Huwa siwaambii kwamba mmoja wa wale waliokaa kimya
ni watu wawili, na walisema mengi.

Wala hakuna swali lililouliza nilichokiona nikivaa koti:
amekwenda nyuma yake, ameushika mkono wa kisu,
anamwonyesha ganda jembamba linavyotoka.
Anamfokea pia. Hilo nalo niliseme.

Ukanda ninao. Mume wangu hajui nautunzia nini.
Kuna usiku nauweka, nazima taa,
friji ya watu wengine inanguruma,
nami najaribu midomo yangu gizani,
bila kujua namwambia nani.