Kivuli Juu ya Saa

Nimefika Birkat al-Mauz kabla ya saa moja,
na kiti cha kukunja, ubao, mwavuli,
chupa ya chai ya tangawizi,
na rangi kumi na mbili ndani ya kopo la biskuti.
Mlima umekaa mbele yangu kama mtu anayenidai.

Si kahawia. Nimeukodolea macho
hadi ukakana kila jina nililokuja nalo:
si kijivu, si ugoro, si udongo.
Kuna urujuani kwenye mikunjo yake,
kidogo tu, kama alama ya pete iliyovuliwa jana,
na juu, pale jua linapoanza kugusa,
rangi ya mkate wa kumimina, upande ulioshika moto.

Chini yake, migomba.
Hapo ndipo mkono wangu hudanganya.
Mama alizaliwa Mkoani, akanilea kwa kijani cha huko,
kijani cha mvua, kijani kisichojua kuomba,
na kila nikishika brashi hicho ndicho kinachokuja mbio
kama mtoto aliyesikia akiitwa.
Lakini mgomba wa hapa una vumbi.
Majani yamechanika, kingo zimeungua.
Hiki ni kijani cha mtu anayekunywa kwa zamu.
Natia tone la nyekundu ndani yake.
Mama angesema nimekiua.

Maji ya kuoshea brashi nimeyaomba kwenye falaji,
kikombe kimoja, kwa bismillahi.
Karatasi inayabugia.
Ikifika saa mbili, rangi inakauka kabla sijainua mkono.
Sisimizi amepanda hadi mbinguni
akanasa pale ambapo ningeweka wingu,
kama wingu lingekuwapo.

Na sauti nyuma yangu:
"Dada, hebu sogea. Umeikalia saa."

Saa gani?
Nageuka. Fimbo ya chuma imesimama kwenye uwanja mtupu,
na upande wa magharibi mawe yamepangwa,
kila jiwe zamu ya mtu.
Mwavuli wangu umekimeza kivuli cha fimbo, chote.

Zahran ndiye mgawa maji mwaka huu,
kijana, simu mfukoni, kanzu imelowa pindoni,
Kiswahili chake cha Wete, alichonyonya.
"Simu ninayo," anasema, "ila Bi Shamsa haiamini.
Zamu yake huanza kivuli kikifika jiwe lile jeupe.
Sasa hakifiki popote. Migomba yake inakungoja wewe."

Migomba ile ile.

Nilibeba vitu vyangu mara mbili, kwa haya,
hatua kumi na moja hadi kwenye ukuta uliobomoka.
Mlima wote ukaharibika.
Mnara ukajificha nyuma ya mtende,
ule urujuani ukawa umeshaondoka,
nami karatasi imejaa nusu.

Zahran akainama, akachomoa jiwe na matambara,
na maji yakageuka,
yakaingia kwa Bi Shamsa taratibu
kama mtu aliyechelewa swala.
Udongo ukaanza kubadilika kutoka ukingoni,
ukawa mweusi, hapana, si mweusi,
nikapekua kopo, nikachanganya, nikakosea,
nikachanganya tena.
Nilipoipata ilikuwa imeshakuwa nyingine.

Saa tatu na kitu alirudi, mikono nyuma,
akaisoma picha yangu kama anavyosoma mawe.
Akacheka kwa pua.
"Mlima huu ni wa saa moja," alisema,
"tazama kivuli kilivyolala.
Na migomba hii ni ya saa tatu.
Hapa katikati" — akapitisha kidole hewani,
bila kugusa rangi mbichi —
"umekula zamu ya mtu."

Sikuirekebisha.
Inaning'inia jikoni kwangu Al-Khuwair, juu ya birika,
ina asubuhi mbili na sisimizi mmoja,
na ule mstari wa katikati
ambao wageni hudhani ni ukuta.