Ncha ya Uzi

Mashine ya shangazi ni chuma cheusi, mzee kunizidi.
Mkono wa kulia chini ya meza, nazungusha mpini,
na sindano yenye ndoano inafuata kiuno changu.
Hivyo ndivyo nilivyowashonea Bundi wote wa Toledo,
uzi wa haradali juu ya jinzi, pete ndani ya pete.

Leo Duane Pruitt kaja kwa miguu,
kizibao kakikunja kama shuka la hospitali.
"Wamenitoa. Wanataka ndege wao kabla ya Ijumaa."
Sikuuliza kosa.

Mshono wa mnyororo hauhitaji mkasi.
Geuza kitambaa, tafuta ncha
pale nilipomalizia, miaka kumi na tisa nyuma:
jicho la kushoto.
Vuta.

Trrrr. Jicho, bawa, ukucha,
uzi mmoja, lundo la tambi mezani.

Akakiinua kizibao dirishani, penye theluji.
Jua limeifubaza jinzi yote
isipokuwa pale alipokuwa bundi:
bluu, mbichi, kama siku ya kwanza.

Tulimtazama.
"Hili nalo wataling'oaje?" akauliza,
akakivaa, hakufunga vifungo.
Uzi nimeuviringisha kwenye kadi. Bado una nguvu.