Hodi ya Taya

Mvua ya Tukuyu juu ya bati
hainiachii nisikie pumzi, basi naitazama:
kifua cha Ambakisye, miaka minne,
kinapanda, kinasita, kinashuka.

Nagusa kope. Hazichezi.
"Tayari?" anauliza Daktari Mwakyoma, ameshanawa mikono.
Bado. Kope hulala kabla ya koo.

Vidole nyuma ya taya, nasukuma mbele:
hodi.
Soksi aliyofumiwa na bibi yake,
ile aliyokataa kuvuliwa,
inajikunja penye kidole gumba.
Yumo mtu.

Naongeza dawa. Nahesabu pumzi kumi na tano;
ya tisa nairudia, sikuiona vizuri.

Hodi.

Kwetu hodi isiyojibiwa humrudisha mgeni.
Hapa ndiyo karibu.
Soksi imetulia.
Napitisha mpira.