Daftari la Dalali, Wete

Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu:
Utaani, vyumba vitatu, ukumbi, kisima, mpera uani,
milioni thelathini na tano, maelewano yapo.
Maelewano yapo: hiyo ndiyo chumvi ya kazi yangu.
Mwaka ule ilitosha. Mtu alikuja na fedha za karafuu
ndani ya mfuko wa rambo, akazihesabu mkekani,
sheha akatia saini, tukala halua,
nami nikaondoka na changu.

Sasa redio ya Mcha, fundi cherehani,
inasema uchumi wa nchi umeshuka.
Mtangazaji anasema vizuri, kwa sauti iliyopigwa pasi.
Mie nangoja aitaje Wete.
Anataja Dar, anataja bandari, anataja riba,
halafu yanafuata matangazo ya vifo,
na huko ndiko Wete inakotajwa.

Anayedhani bei huanguka kama nazi,
puu, watu wakakimbilia kuokota,
hajawahi kukaa barazani na Bi Mize Shaame.
"Punguza kidogo, Bi Mize."
"Nipunguze nini, ukuta?
Marehemu kayaleta mawe haya kwa gari la ng'ombe,
mie nikawapikia mafundi miezi minane.
Andika thelathini na tano."
Naandika. Mwezi wa pili naandika tena.
Bei ya hapa haishuki. Hukaa. Hushika kutu.
Anayeshuka ni mnunuzi,
anashuka mpaka bandarini, anapanda boti,
basi tena.

Vuai, dalali mwenzangu wa Unguja, anapiga simu:
viwanja vya pwani bado vinasemwa kwa dola,
na dola, kumbe, haisikilizi redio yetu.
Lakini wapishi wa hoteli zile wamerudishwa makwao,
na makwao ni huku.

Khatib Mbarouk ni mmoja wao.
Boma lake liko Limbani,
kila msimu wa wageni kozi moja ya tofali.
Linta imefungwa, bati hakuna,
katikati ya chumba cha kulala umeota mpapai
na umeshazaa.
"Uza," kaniambia.
Nikampeleka mtu, na mwengine. Wote walitazama papai.
Wiki iliyopita akaja wa tatu, akauliza:
"Na matofali peke yake, je?"

Miaka kumi na tisa nauza nyumba,
sijapata kuuza nyumba kwa kuhesabu matofali.
Nikamtazama Khatib. Khatib akatazama juu, pasipo na paa.
"Mhesabie."
Yaling'oka kama meno, mengine yakavunjika.
Mazima mia nne na sitini.
Udalali wangu elfu kumi na tano, na lile papai.

Nikaufuata mkokoteni, miguu tu, si kwa kazi.
Ukapanda njia, ukapita skuli, ukaingia Utaani,
ukasimama kwa Bi Mize.
Yule mnunuzi alikuwa ametumwa.
Mwanawe karudi na mke na watoto wanne,
bintie karudi toka Tanga na wake wawili,
anaongeza chumba uani, pale ulipokuwa mpera.

"Na nyumba, Bi Mize, bado tunauza?"
"Uza, nani kakukataza?
Milioni thelathini na nane.
Kwani vyumba si vinne sasa?"

Nimeandika.
Usiku niko ghorofa ya tatu, majumba ya maendeleo,
chumba cha kupanga, maana dalali
hujua funguo za wenziwe tu.
Natazama chini: kila dirisha taa,
magodoro mpaka ukumbini, watoto wanalala kwa zamu ya shuka.
Sijapata kuiona Wete imejaa hivi
wala soko lake tupu hivi.

Papai nimelikata. Jekundu, tamu mno.
Mbegu nimezianika
juu ya ukurasa wa Khatib.