Chambo cha Jilore

Kumi kwa shilingi ishirini, nyungunyungu wangu,
wanene, wekundu, wa udongo wa mgombani
pale maji ya kuoshea vyombo yanapotuama.
Nawatia mkebeni, majani mabichi juu,
si kwa mapenzi: mnyoo aliyekauka
hata kambare mwenye njaa humpita.

Kila mnunuzi namjua kwa anachokataa.
Mwalimu Ngumbao hataki kinachojipinda;
yeye na ugali wake, huufinyanga vidonge,
huutia tone la mafuta ya nazi, hunusa, hutabasamu.
Perege huja. Wadogo, wa kiganja, wenye heshima zao.
Jefwa wa bodaboda huomba utumbo wa kuku
ulioshinda juani siku mbili,
na harufu ile hupanda pikipiki, ikarudi naye Malindi;
mkewe, nasikia, humlaza barazani.
Lakini kambare wake, ulizeni mizani.

Kuna sabuni pia. Msicheke.
Kipande cha mche wa buluu, ukubwa wa kokwa ya ukwaju,
usiku wa giza, kando ya matete:
kambare huimeza kama aliyeahidiwa kutakata.
Sijui kwa nini.
Miaka kumi na moja nauza, sijui.

Kumbikumbi wakiruka, biashara hufa;
hata mtoto hujiokotea chambo chini ya taa.

Akaja Thoya na samaki wa plastiki.
Kamnunua mjini, shilingi mia tisa,
mgongo kijani, tumbo la fedha, jicho jekundu
lililokodoka kama la mtu aliyeitwa jina lake usiku.
Tumboni mna gololi; ukimtikisa analia
cha-cha-cha.
"Mama Mbeyu, huyu hafi, haozi, hapotezi mkia."
Nikamwambia, "Wala hanuki."
Akarusha. Nasema kweli, alirusha vizuri,
uzi ukapita juu ya matete bila kuyagusa.
Mara ya kwanza, maji matupu. Ya pili, majani.
Ya tatu kitu kikavuta, Thoya akapiga yowe,
tukasimama sote, hata Mwalimu akaangusha ugali:
kisiki.
Na nani angeingia kumtoa,
mamba amelala ng'ambo kinywa wazi
kana kwamba naye katega?
Thoya aliukata uzi kwa meno. Hakuaga.

Mwaka ule Sabaki haikufurika.
Ziwa likajikunja, likaacha matope yenye nyufa,
kandambili moja, sufuria isiyo na kitako,
na juu ya mzizi, ananing'inia, yule wa mia tisa:
ndoana zimeliwa na kutu, rangi imebambuka ubavuni,
jicho lile lile.
Nikamtikisa. Cha-cha-cha.

Maji yaliporudi nikamtundika nguzoni pa kibanda.
Upepo ukimgusa, mpita njia hugeuka.
Huegesha baiskeli, hushuka garini,
humpapasa, husifu tumbo, huuliza bei.
Nasema hauzwi. Naye, kwa haya
ya kuondoka mikono mitupu,
hununua nyungunyungu.
Tangu Jumatatu nimenasa kumi na tisa;
mmoja hakuwa hata na mshipi,
alisema atawapeleka kwa kuku wake.

Jana Thoya akaja.
Alimwona. Nami nikamwona akimwona.
Midomo ikafunguka, ikafumba.
Nikajitia kupanga majani mkebeni,
jani hili huku, jani lile huku,
upepo nao, kwa ukorofi wake, ukavuma.

"Nipe wa ishirini," alisema,
kwa sauti ya chini, kama anayenunua dawa ya aibu.

Nikamhesabia kumi na wawili.