Shibiri Mbili

Daftari ni la mahudhurio, jalada la kijani, pembeni limeliwa na mchwa.
Sikuwahi kucheza. Mimi ni mtunza ghala wa chuo cha ualimu, Wete;
kalamu ilikuwa yangu, basi na hesabu ikawa yangu.

Ukurasa wa kwanza: sabini na tisa.
Mwalimu Shaame Ngwali karudi masomoni Bulgaria
na koti zito asilolihitaji tena,
na ndani ya koti mpira mmoja,
umetolewa upepo, umekunjwa kama chapati.
Uwanja hatuna. Tuna sakafu ya kuanikia karafuu.
Wapita njia wakacheka:
"Wanaume wazima na mpira wa pete?"

Pete aliifua Fundi Hija, mhunzi wa Limbani.
Mwalimu akasema, inchi kumi na nane.
Hija akasema, inchi siijui, nambie shibiri.
Mbili.
Mikono ya Hija iko kwenye koleo, chuma kimeiva,
akamwita mwanawe apime.
Mwana anaitwa Mkubwa. Jina tu.
Miaka tisa, kiganja kisichoenea tungule.

Ndivyo pete yetu ilivyozaliwa pungufu ya vidole vinne,
na miaka saba hakuna aliyejua.
Tulijua tu kwamba mpira haupendi kuingia.
Ukiutupa kwa pupa, pete inakutemea.
Sharti uupandishe, uupandishe,
ushuke wima kama ndoo kisimani.
Msimu wa karafuu mazoezi yanakoma;
zikishatiwa magunia, mpira unanukia,
viganja vinanukia,
hata kufungwa kwetu kulikuwa na harufu nzuri.

Unguja, themanini na sita.
Massoud Kombo katapika tangu Mkoani hadi Malindi.
Kufika uwanjani, Chumu akaitazama pete ya wenyeji,
akaniinamia sikioni:
"Bwana ghala, hili si beseni?"

Themanini na moja kwa arubaini.
Niliandika mpaka wino ukakatika, nikamalizia kwa risasi.
Wenyeji wakasema Wapemba wana dawa.
Kijana wetu mmoja akapaza sauti, "Chanda chema!"
tukaitikia, "Huvikwa pete!"
Mwalimu hakuitikia.
Alikuwa juu ya kiti, na utepe wa fundi cherehani,
anapima.
Tuliporudi akapima na yetu,
akashuka, akaukunja utepe, akaniambia:
"Hili usiliandike."
Sikuliandika. Naliandika leo, yeye hayupo.

Kuna ukurasa mweupe. Mwaka ule wa Shimoni.
Waliondoka usiku, watano, wote wa kuanzia.
Walirudi watatu.
Kila nikifunua nauruka,
kisha narudi, naupangusa vumbi.

Kumi na mbili wakaja wafadhili:
vibao vya kioo, pete za rangi ya chungwa, kipimo cha dunia.
Hotuba ndefu, soda za kutosha.
Tangu siku hiyo tunafungwa.
Tumefungwa na Chake, tumefungwa na Mkoani,
tumefungwa na chuo cha afya
chenye wachezaji sita, na mmoja ana miwani.
Vijana wanarusha tu. Pete kubwa inasamehe,
na anayesamehewa kila siku hajifunzi.

Juzi nahodha, Bakar Mbarouk, kaja ghalani
anaulizia pete ya zamani.
Kasimuliwa na babu yake, sijui babu naye alijuaje.
Nikamtolea. Kutu tupu;
ukiishika inakuachia mkononi unga kama wa bizari.

Tukaenda Limbani. Siku hizi mhunzi ni Mkubwa,
na jina limemwenea: mikono kama sinia.
Akatandaza shibiri mbili juu ya chuma.
Nikaweka utepe: inchi kumi na tisa.
Sivyo, nikasema.
Akarudia, polepole, amebana vidole.
Sivyo.
Akanitazama sana.
Halafu akacheka, cheko la mtu aliyekumbushwa deni la utotoni,
akageukia mlangoni
akamwita kitinda mimba wake
aje apime.