Kizingiti cha Sauti

Kompyuta ni ya mtoto, herufi mbili zimeng'oka.
Nimeiweka juu ya kabati la viatu, upande wake wa kitanda.
Maikrofoni ya pauni tisa
nimeibandika kwa plasta kwenye shingo ya taa.

Daktari Rennie alisema foleni ya hospitali ni miezi saba,
kwa sasa tumletee cha kusikiliza.
Maana Shekue anaendesha basi la Torry,
na Jumanne alisinzia kwenye taa nyekundu
hadi honi za nyuma zikamwamsha.
"Mimi sikoromi," anasema.
Kila mkoromaji ni wakili wake mwenyewe.

Nikafungua programu, nikaingia kwenye mipangilio.
Palikuwa na kisanduku: rekodi sauti inapozidi kizingiti.
Nikatia tiki.
Yaani mashine ikeshe nasi, masikio wazi,
isishike kalamu mpaka pawe na la kuandikwa.
Nikalipenda hilo. Bawabu mzuri hafungulii kila upepo.

Hasi arobaini.
Nikapiga kofi, mstari wa kijani ukaruka.
Nikalinong'ona jina lake, ukabaki umelala.
Nikashusha: hasi hamsini.
Nikanong'ona tena. Ukatikisika kidogo, ukarudi.
Nikaona inatosha.

Usiku wa kwanza nilisahau kuwa ni mwezi wa sita,
kwamba huku Aberdeen giza ni kope tu, linafumba na kufumbua.
Saa kumi alfajiri ndege walikuwa wameshajaa kwenye bomba la moshi.
Dakika sabini za mayowe.
"Umerekodi shakwe," mume wangu akanicheka,
"nilidhani unamtafuta Shekue."

Usiku wa pili nikafunga dirisha.
Asubuhi tukasikiliza pamoja, yeye na soksi moja mguuni:
koromo, koromo, koromo,
msumeno usiopumzika, kazi safi ya fundi.
"Sawa, nakoroma," akasema. "Lakini unasikia? Napumua kama punda."

Kweli, alipumua. Hapakuwa na mwanya.
Nami ndiye ninayelala nikihesabu,
nami naujua mwanya ule kama ninavyoijua ngazi mbovu ya nyumbani:
mguu unashuka, haukuti kitu.

Nikiwa kazini, mikono imo ndani ya maji ya samaki,
ndipo nikaelewa.
Mashine ilikuwa imeshona.
Kila alipoacha kupumua iliweka kalamu chini,
na alipozinduka ikaendelea pale pale,
pindo kwa pindo, bila kovu.
Nilichotaka daktari akisikie
ndicho nilichoiagiza isikitunze.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, tuliambiwa.
Hakuna aliyetuambia
kwamba mshindo wenyewe uko chini ya hasi hamsini.

Usiku wa tatu nikaondoa tiki.
Nikaweka saa: anza saa tano usiku, koma saa kumi na mbili.
Chukua vyote, nikaiambia,
friji, mabomba, jirani wa juu na viatu vyake,
chukua hata pasipo kitu.
Nafasi ilikuwa finyu; nikafuta katuni nne, mtoto atanidai.

Asubuhi sikuhitaji hata kusikiliza.
Kwenye kioo palikuwa na vichaka, vichaka, vichaka,
halafu uzi.
Nikauvuta mshale toka mwanzo wa uzi hadi mwisho:
sekunde kumi na tisa.
Mwingine: ishirini na saba.
Kwenye ule wa thelathini na nne
nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimebana pumzi.

Nikampigia mezani, sauti ikiwa juu kabisa.
Akatafuna mkate, akisubiri kucheka.
Koromo likakatika.
Friji ikanguruma. Ikanyamaza.
Ndani ya ule uzi, mbali, kama mtu aliye chumba cha pili:
Shekue.
Shekue.
Kisha akavuta hewa kwa kishindo, kama aliyetolewa kisimani.

Mkate ukabaki mkononi.
"Nani ananiita?"

Nikamimina chai.

"Kila usiku?"

Programu ikauliza faili iitwe nani.
Nikaandika tarehe tu.